Mji Uliopanda Mlimani, na Majirani Zake Waliobaki Bondeni

Masika yakikolea picha ni zile zile. Jangwani, pale Dar es Salaam, imekuwa ziwa, Rufiji watu wanavushwa kwa mitumbwi, na kule Budalangi mto Nzoia umetoboa tuta tena. Halafu hakosekani wa kusema: "Mbona Marekani serikali ilihamisha mji mzima? Sisi tunashindwa nini?" Na hakosekani wa kumjibu kwamba hao Wamarekani wenyewe wanafurikiwa kila kukicha pamoja na kuta zao za mabilioni, kwa hiyo asituletee habari zao.

Wote wawili wameshika kipande. Mji unaozungumzwa upo kweli. Unaitwa Valmeyer, uko jimbo la Illinois, na baada ya mafuriko ya mwaka 1993 ulitoka bondeni ukapanda mlimani. Lakini ukisema serikali iliuhamisha, msikilizaji wa kwetu anaona malori, mgambo na alama ya X nyekundu ukutani, na hayo hayakuwapo. Tena miji mingi iliyo jirani nao haikuhama hadi leo, na ukizisikiliza sababu zake utaona si watu wajinga.

Tunazungumzia wapi

Magharibi ya Kati ya Marekani ni yale majimbo ya katikati kuelekea kaskazini: Illinois, Iowa, Missouri, Wisconsin, Minnesota na wenzao. Ni nchi ya mahindi na soya. Mto Mississippi unaipasua kutoka kaskazini kwenda kusini, na njiani unapokea mto Illinois, kisha Missouri karibu na jiji la St. Louis, kisha Ohio kwenye ncha ya kusini kabisa ya jimbo la Illinois. Kando ya mto huo kuna miji midogo isiyohesabika, mingi yenye watu wasiofika elfu tano. Mingi ilizaliwa wakati mto ndio ulikuwa barabara, meli za mvuke zikitia nanga kupakia kuni na nafaka. Meli hizo zimekwisha, ila matishari bado yanapita yakisukumwa na boti, yamejaa nafaka ya kupelekwa New Orleans. Katika mingi ya miji hiyo jengo refu kuliko yote ni ghala la nafaka.

Valmeyer ulikuwa mji wa watu wapatao 900, wengi wa asili ya Kijerumani, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari kusini mwa St. Louis.

Kabla hatujaenda mbali, tukubaliane maana ya maneno matatu, maana ubishi mwingi unaanzia hapo.

Bonde la mafuriko ni ile ardhi tambarare pembeni mwa mto ambayo mto ukijaa huitandazia maji. Kwa Mississippi bonde hilo linaweza kuwa na upana wa kilomita nyingi. Valmeyer ya zamani ilikaa mwisho wa bonde upande wa mashariki, chini ya majabali ya mawe ya chokaa, kilomita kadhaa kutoka kwenye maji. Anayesema "walijenga mtoni" hajauona mji wenyewe. Walijenga katikati ya mashamba, na mashamba hayo ni mazuri kwa sababu ile ile inayoyafanya ya hatari: ule udongo mweusi uliletwa na mto, furiko baada ya furiko, kwa maelfu ya miaka.

Tuta ni ukuta wa udongo uliofunikwa nyasi unaokwenda sambamba na mto, mara nyingi juu yake pana njia ya kupitisha gari. Tusilichanganye na bwawa. Bwawa hukatiza mto na kuuzuia. Tuta huufuata mto na kuuambia usitoke nje.

La tatu ni kipimo cha mto. Habari zikisema kwamba tarehe 1 Agosti 1993 Mississippi ulifika futi 49.58 pale St. Louis, yaani kama mita 15, wengi hudhani hicho ndicho kina cha maji. Sicho. Ni kimo juu ya alama ya sifuri iliyowekwa zamani kwenye kipimo, na wakati wa ukame mto hushuka hata chini ya sifuri hiyo na matishari bado yanapita. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka uiweke kando ya kiwango ambacho mahali hapo huanza kufurika. St. Louis kiwango hicho ni futi 30. Sasa unaelewa: mto ulizidi kwa karibu futi 20, sawa na nyumba ya ghorofa moja kwenda juu.

Jambo jingine la kujua mapema ni mwendo. Mto Msimbazi wa Dar es Salaam hujaa kwa saa chache na kupungua kwa saa chache. Mississippi huja polepole. Mwaka 1993 udongo wa majimbo yale ulikuwa umeshashiba maji tangu miezi ya mwisho ya 1992, kisha mvua za Juni na Julai zikanyesha juu ya udongo huo bila kupumzika. Pale St. Louis mto ulikaa juu ya kiwango cha mafuriko kwa zaidi ya miezi miwili. Watu walikuwa na siku nyingi za kutoa friji na picha za harusi, na ndiyo maana vifo vilikuwa makumi tu katika eneo la majimbo tisa. Hasara ilikuwa mabilioni ya dola.

"Furiko la miaka mia"

Hakuna maneno yaliyowaponza watu wa mabondeni kuliko haya. Mtaalamu anasema nyumba iko kwenye eneo la furiko la miaka mia. Mwenye nyumba anapiga hesabu: la mwisho lilikuwa 1993, kwa hiyo lijalo ni 2093, wajukuu watajijua.

Maana halisi ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia moja wa maji kufika kiwango hicho au kukizidi. Chukua mfuko wenye gololi mia, tisini na tisa nyeupe na moja nyekundu. Kila mwaka unafumba macho unachomoa moja, unaiangalia, unairudisha mfukoni, unatikisa. Mwaka huu ukichomoa nyekundu, mwakani mfuko ni ule ule, gololi haikumbuki. Na ukichomoa kwa miaka 30, ambao ndio muda wa kawaida wa mkopo wa nyumba Marekani, uwezekano wa kuiona nyekundu angalau mara moja unafika kama asilimia 26. Yaani katika familia nne zenye mkopo wa nyumba kwenye eneo hilo, moja itafurikiwa kabla haijamaliza kulipa. Na ukichomoa miaka mia mizima, bado huna uhakika: ni kama asilimia 63.

Mji wa Cedar Rapids, jimbo la Iowa, ulijifunza hesabu hii kwa vitendo. Tarehe 13 Juni 2008 mto Cedar ulipanda pale hadi futi 31.12, wakati rekodi iliyotangulia ilikuwa kama futi 20. Maji yaliingia katikati ya mji, yakazifikia mahakama na jela. Miaka minane tu baadaye, Septemba 2016, mto huo ukapanda hadi kama futi 22, kiwango cha pili kwa ukubwa tangu vipimo vianze. Aliyedhani amemaliza zamu yake ilibidi ajaze viroba vya mchanga upya.

Kuna mushkeli zaidi. Idadi ya gololi nyekundu yenyewe ni makisio, yaliyotokana na vipimo vya miaka iliyopita. Mvua zikibadilika, au mashamba ya juu yakipitishiwa mabomba ya kutoa maji haraka, au miji ikimwaga lami kila mahali, mfuko unabadilishwa na hakuna aliyekuarifu.

Tuta linavyoshindwa

Watu hufikiri tuta hushindwa maji yakipita juu yake. Ndiyo, hilo hutokea, na likitokea maji yanayoporomoka upande wa pili huchimba udongo mpaka tuta likakatika. Lakini wanaolinda matuta usiku huwa wanaangalia zaidi upande mkavu.

Tuta la udongo limekaa juu ya ardhi ambayo chini yake mara nyingi kuna mchanga wa mto wa kale. Maji yakisimama wiki tatu upande mmoja, uzito wake unayasukuma kupita chini, na yanachomoza upande wa pili katikati ya shamba la mtu, yakichemka kama chemchemi. Silika ya mtu ni kuziba. Ukiziba pale yatatokea hatua tano mbele, safari hii kwa hasira zaidi. Wanachofanya wazoefu ni kuzungushia chemchemi ile viroba vya mchanga, kuijengea kisima kidogo, maji yakapanda ndani yake mpaka uzito wake ukakaribia kupambana na ule unaoyasukuma. Kisha wanainama na tochi kuangalia rangi. Yakiwa maangavu, yaache yatoke, ongeza kiroba kimoja kimoja. Yakitoka na mchanga, jua tuta linaliwa kwa chini, na huo ndio wakati wa kuanza kupiga simu.

Kuna na hasara nyingine ya tuta ambayo haionekani kwa macho. Valmeyer ilifurikiwa mara kadhaa miaka ya 1940. Baada ya hapo matuta yakaimarishwa, na kwa karibu miaka 50 mji ukakauka. Kizazi kizima kikakua, kikaoa, kikaongeza vyumba, bila kuona maji mlangoni. Tuta lilizuia mafuriko madogo ambayo yangewakumbusha, likaacha lile kubwa tu. Hili wataalamu wa mafuriko wa Marekani wanalisema tangu miaka ya 1940, na matuta yameendelea kuinuliwa.

Tuta langu, maji yako

Hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu, na ndipo ninapoomba msomaji asiruke.

Maji ambayo tuta moja limeyakataa hayapotei. Yanapanda juu zaidi kwa jirani wa ng'ambo, au yanabanwa na kurudi nyuma kwa wa juu, au yanateremka kwa wa chini yakiwa na kimo kikubwa kuliko ambacho yangekuwa nacho. Mwaka 1993, kati ya matuta yapatayo 1,500 ya eneo lile, zaidi ya 1,000 yalivunjika au kupitwa na maji. Tuta likivunjika mahali, mto hushuka kidogo kwa wengine, na ndiyo maana nyakati hizo watu hulinda matuta yao kwa doria dhidi ya mto na dhidi ya majirani pia. Kuna mtu wa Illinois alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kosa la kulivunja tuta la upande wa Missouri kwa makusudi mwaka ule. Yeye alikana, na ubishi kuhusu kesi yake haujaisha.

Valmeyer yenyewe haikuvamiwa kwa mbele. Tarehe 1 Agosti tuta lililo karibu na mji wa Columbia, kaskazini yake, lilikatika. Maji yakaingia bondeni nyuma ya matuta, yakateremka kusini mashambani, yakalishinda tuta la kukinga ubavu, yakaifikia Valmeyer kwa mgongo. Zaidi ya ekari 40,000 zikafunikwa. Kisha yakaendelea kuteremka kuelekea Prairie du Rocher, kijiji kilichoanzishwa na Wafaransa mwaka 1722.

Na kule likafanyika jambo ambalo ukilisikia haraka utasema wamerukwa na akili: walilivunja tuta kubwa la mto wenyewe, kwa makusudi, mto ukiwa umefurika. Fikiria hivi. Mto unateremka kuelekea kusini. Maji yaliyoingia bondeni kule juu, Columbia, yaliingia yakiwa na kimo cha mto wa kule juu. Yakiteremka yakakwama kona ya chini ya bonde, yangejilundika pale mpaka yakauzidi kimo mto ulio upande wa pili wa tuta. Tuta dogo linalokinga kijiji lisingeyaweza. Kwa kufungua tuta kubwa waliingiza kwanza maji ya mto yalale pale kama godoro la kupokea wimbi, kisha wimbi lilipofika likapata mlango wa kurudi mtoni. Prairie du Rocher ikapona.

Mwaka 2011 hesabu ya aina hiyo ilifanywa kwa ukubwa zaidi, na safari hii walioumia walijulikana mapema. Mji wa Cairo uko kwenye ncha ambapo Ohio unaingia Mississippi, umezungukwa na maji pande tatu. Mto ulipokaribia futi 62 pale, wahandisi wa Jeshi la Marekani waliingiza vilipuzi kwenye tuta la Birds Point upande wa Missouri na usiku wa tarehe 2 Mei wakalilipua. Ekari zipatazo 130,000 za mashamba zikafunikwa. Jimbo la Missouri lilikuwa limekwenda hadi Mahakama ya Juu kabisa ya nchi kupinga, likashindwa. Mpango wenyewe haukuwa siri: eneo lile lilitengwa kisheria kuwa njia ya kupunguzia maji tangu mwaka 1928, baada ya furiko kubwa la 1927, na lilishatumika mara moja mwaka 1937.

Ndani ya eneo hilo kulikuwa na kijiji kidogo cha Pinhook. Walikiasisi wakulima Weusi miaka ya 1940, na walijenga pale kwa sababu hiyo ndiyo ardhi waliyoruhusiwa kununua. Kijiji kiliangamia chote. Kwa hiyo anayeuliza "kwa nini walijenga kwenye njia ya maji?" apewe jibu hilo, halafu ajiulize ni mabonde mangapi ya kwetu yamejaa kwa sababu isiyo mbali na hiyo.

Na Cairo iliyookolewa? Mwaka 1920 ilikuwa na watu zaidi ya 15,000. Sensa ya 2020 ilikuta chini ya 2,000. Tuta lake halikuvunjika. Biashara ya mto na reli ilihama, na chuki ya rangi iliugawa mji, hasa kuanzia mwaka 1969, wakati Weusi walipoyasusia maduka ya Wazungu yaliyokataa kuwaajiri. Wapo wanaouona mji ule leo wakadhani uliuawa na mafuriko.

Sasa Valmeyer

Maji yalikaa mjini kwa wiki kadhaa, na Septemba yakaja mara ya pili. Nyumba nyingi ziliharibika kupita kiwango ambacho sheria ya Marekani inakitazama kwa makini: katika eneo la furiko la miaka mia, ikiwa gharama ya kukarabati nyumba inafika nusu ya thamani yake, huruhusiwi kuirudisha kama ilivyokuwa. Lazima uinyanyue juu ya kimo cha furiko, au uiache. Kunyanyua nyumba moja ni ghali. Kunyanyua mji, ukabaki na barabara na shule chini, ni kichekesho.

Hivyo mezani palikuwa na njia mbili: kila familia ichukue chake iende inakojua, au waondoke pamoja. Meya Dennis Knobloch, ambaye umeya kwake haukuwa kazi ya kutwa, na wenzake waliitisha mikutano wakati watu wanaishi kwenye matrela ya serikali na kwa ndugu. Wengi wakakubali wajaribu kuondoka pamoja. Wakaunda kamati za wananchi, wakatafuta ekari 500 za shamba juu ya majabali, kama futi 400 juu ya mji wa zamani na kilomita chache tu kutoka pale, wakainunua kutoka kwa mwenyewe.

Sasa sikiliza mchango wa serikali, maana ndipo uvumi ulipo. Serikali haikujenga nyumba za watu. Ilinunua nyumba za bondeni kwa mpango wa hiari: unapewa bei iliyokuwa sokoni siku moja kabla ya mafuriko, zinakatwa fedha za bima au misaada uliyokwisha kupokea kwa uharibifu ule ule, nyumba inabomolewa, na kiwanja kinakuwa mali ya halmashauri milele bila kujengwa tena. Kulima inaruhusiwa, uwanja wa mpira unaruhusiwa, nyumba ya kuishi hapana. Mwishoni mwa 1993 bunge la Marekani lilipandisha mchango wa serikali kuu katika ununuzi wa namna hiyo kutoka nusu hadi asilimia 75, na iliyobaki ikatoka kwa jimbo na wenyeji. Barabara, maji na majengo ya umma ya mji mpya yalipata fedha kutoka mifuko mingine, kila mfuko na masharti yake na fomu zake.

Ukiwa na nyumba ya zamani ya mbao uliyoimaliza kulipa, bei yake ya soko haikutosha kununua kiwanja kipya na kujenga nyumba mpya mlimani. Tofauti ukailipa mwenyewe. Wazee waliokuwa hawadaiwi na mtu waliingia kwenye mkopo upya. Wengine wakasema hapana, wakachukua hundi wakaenda mji mwingine. Na wakati makaratasi yakizunguka, wanaakiolojia nao ilibidi waje kuchimba, kwa sababu juu ya jabali lile palikuwa na mabaki ya makazi ya wenyeji wa kale wa Amerika na sheria hairuhusu kuyapita na greda.

Ndiyo maana sensa inasimulia hivi: karibu watu 900 mwaka 1990, kama 600 mwaka 2000, kisha zaidi ya 1,200 mwaka 2010. Anayetaja namba ya mwisho peke yake anasema mji ulistawi. Ulistawi kweli, ila sehemu ya ustawi huo ni wageni waliovutiwa na viwanja vipya karibu na St. Louis, na theluthi moja ya watu ilikuwa imepotea katikati.

Kipo pia kitu ambacho pesa haikukihamisha. Mji wa zamani ulikuwa wa miguu: nyumba, baa, kanisa na duka vilibanana pembeni mwa reli. Mji mpya ulipangwa kisasa, barabara zenye kona na viwanja vipana, na kila jambo linataka gari. Kule chini mitaa ya lami imebaki imechorwa kati ya mahindi, na nyumba chache za waliokataa kuondoka.

Bahati nayo ilikuwepo, na wanaotaka kuiga Valmeyer waihesabu. Kwanza, jabali lilikuwa pale pale. Watu hawakuhamishwa kutoka kwenye mashamba yao, asubuhi waliteremka kulima kama kawaida. Pili, ndani ya jabali kulikuwa na machimbo makubwa ya chokaa yaliyoachwa, mapango yenye ubaridi usiobadilika ambayo zamani yaliwahi kuoteshwa uyoga. Yaligeuzwa maghala ya kukodisha, na miongoni mwa wapangaji ni Hifadhi ya Nyaraka za Taifa la Marekani. Mji wa kilimo uliokimbia maji unapata kodi kwa kutunza makaratasi chini ya ardhi.

Linganisha na wakazi wa Jangwani waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Kiwanja ni kiwanja, lakini Mabwepande iko mbali na Kariakoo, na mtu ambaye riziki yake ni ya kutwa sokoni hawezi kuteremka asubuhi kwenda kulima kama wale. Baadhi walirudi bondeni, tukawaita wabishi. Mimi naona kipimo cha kuhamisha watu ni umbali wao na kazi yao, na kimo cha maji kinakuja baadaye.

Waliosema hatujengi ukuta

Soldiers Grove, kijiji cha Wisconsin kando ya mto Kickapoo, chenye watu kama 600, kilipewa pendekezo la tuta miaka ya 1970. Wakapiga hesabu: tuta lingegharimu kuliko thamani ya mali lililokusudiwa kuilinda, na matunzo yake kila mwaka yangewafilisi. Wakaomba fedha hiyo iwahamishie maduka yao juu. Walijibiwa kwamba fungu lile ni la tuta. Ilibidi furiko la 1978 liwapige ndipo msaada ukapatikana, na walipojenga upya wakaweka sharti kwamba maduka yapate angalau nusu ya joto lake kutokana na jua. Nakipenda kijiji hiki kwa sababu hawakusubiri kuwa matajiri ndipo wafikiri.

Davenport, Iowa, ambao si mji mdogo tena, kwa miongo mingi ulikataa ukuta wa kudumu. Waliona afadhali bustani za kandokando zifurike kuliko kujizibia mto ambao ndio sura ya mji. Tarehe 30 Aprili 2019 vizuizi vya muda vilipasuka, maji yakaingia mitaa ya katikati kwa ghafla, na siku mbili baadaye mto ukavunja rekodi kwa futi 22.7. Ng'ambo, Rock Island ina ukuta wake.

Hapo Rock Island na Moline, na kule Cedar Rapids, leo utasikia Kiswahili madukani na makanisani. Wakongomani na Warundi wengi wamehamia huko, wengine kwa mpango wa wakimbizi, wengine kwa kufuata kazi za viwanda vya nyama. Kwa ndugu hao, mawili ya kujua. Bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji nchini Marekani hailipi mafuriko ya mto. Bima ya mafuriko ni karatasi tofauti, ipo chini ya mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1968, na mpangaji anaweza kuikata kwa ajili ya vitu vyake tu, kitanda, televisheni, nguo za watoto. Kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo haikatwi mto ukiwa umeshaanza kupanda. Na kabla ya kusaini mkataba wa nyumba ya kodi nafuu karibu na mto, ramani za mafuriko za serikali zinaangaliwa bure kwenye intaneti kwa kuandika anwani. Ukikuta nyumba imo ndani ya eneo la asilimia moja, muulize mwenye nyumba maji yalifika wapi mara ya mwisho, na usiridhike akikuambia hilo lilikuwa la miaka mia.